Kompyuta Isiyofanana na Wenzake

Kuna raha ya pekee katika kuichungulia kompyuta ya mtu bila kuiwasha. Mimi naijua raha hiyo na sioni haya kuisema. Ndiyo iliyoniponza.

Nafundisha kompyuta kwenye chuo kidogo cha binafsi pale Kijenge, ghorofa ya pili, juu ya duka la mabati. Mabati yakishushwa kwenye lori, somo linasimama, maana hakuna mwalimu aliyezaliwa na koo la kushindana na bati. Kulala nalala Njiro. Nikiwaambia watu naishi Njiro wananitazama upya, wanaona geti la umeme na magari mawili uani. Ukweli ni kwamba nimepanga chumba cha uani, nyuma ya nyumba ya mtu, na mbwa wa mwenye nyumba anakula nyama mara nyingi kuliko mimi. Kwa hiyo sina mahali pa juu pa kusimama na kuhukumu watu. Lakini nahukumu. Mdomo wangu hauna breki, na mama yangu aliliona hilo tangu nikiwa mdogo akakata tamaa.

Mwaka ule darasa la mwisho niliwapa mtihani wa vitendo nilioutunga mwenyewe, na niliringa nao kwelikweli. Kila mwanafunzi alitakiwa kutengeneza kompyuta pepe, yaani kompyuta isiyo na chuma wala waya, inayoishi ndani ya kompyuta nyingine. Unaiwekea mfumo wake, watumiaji wake, nywila zake. Ukimaliza, diski yake yote inakuwa faili moja tu, unalitia kwenye flashi unalileta kwa mwalimu. Kazi yenyewe ilikuwa kompyuta ya mapokezi ya zahanati ndogo. Mgonjwa anaandikwa jina, anapangwa foleni, daktari anamwona, basi. Mtihani huo ndio ulioshika cheti. Ukiufeli, huna cheti, hata kama mengine yote umefaulu na kwenye kwaya ya chuo wewe ndiye soprano.

Mkuu wa chuo aliupokea mtihani wangu kwa moyo mkunjufu. Ni mzee mstaafu wa idara ya mifugo, ametumikia ng'ombe wa serikali ujana wake wote, na kompyuta anaziheshimu kwa mbali, kama mtu anavyomheshimu fahali asiyemjua. Mtaaluma wetu, yaani yule anayeshika ratiba na matokeo, ndiye aliyekunja uso. "Madam, usije ukatuletea mashine hewa hapa," aliniambia. "Watu wameachishwa kazi kwa ajili ya neno hilo." Nikamweleza kwamba pepe siyo hewa. Hakuridhika, ila aliandika. Mtaaluma ni mwanaume nadhifu, suruali imepigwa pasi mpaka inatisha, na ugonjwa wake ni rangi. Ratiba yake ya mitihani ina rangi nyingi kuliko duka la kanga, na ukimuuliza zambarau maana yake nini, anakwambia inasaidia macho.

Katika darasa hilo nilikuwa na mama mmoja aliyenizidi umri kwa mbali. Kwao ni juu ya Tengeru, kule mlimani, ana migomba yake na kahawa kidogo, na siku za soko anashuka na ndizi. Siku ya kwanza nilimwamkia shikamoo kwa mazoea, darasa zima likacheka, naye akaona aibu kuliko mimi. "Madam, hapa mimi ni mwanafunzi, unanipa mzigo," alisema. Basi tukakubaliana kwamba ndani ya darasa ni habari za asubuhi tu, na nje ya geti nampa shikamoo yake. Alikuwa mgumu wa kuelewa, sitasema uongo. Kitu ambacho vijana walikishika kwa somo moja, yeye alikishika kwa matatu. Tofauti ni kwamba yeye akishashika, kimeshikwa.

Na alikuwa na sababu. Usharika wake una zahanati, na zahanati ilikuwa inatafuta mtu wa mapokezi anayejua kompyuta. Wazee wa usharika walishamwambia nafasi ni yake, alete cheti tu kabla mwezi wa mahafali haujaisha. Akichelewa, kuna mwingine mwenye cheti tayari ameshaulizia. Darasa zima lilijua habari hiyo kwa sababu mwenyewe aliitangaza kwa furaha, na kila aliyemtania alimwita "mapokezi".

Siku ya kukusanya kazi waliniletea flashi zao kwenye boksi la chaki. Nikangoja Jumamosi mchana, watu wameondoka, duka la mabati limefungwa, nikajifungia kwenye chumba cha kompyuta na skripti yangu.

Skripti ni maagizo unayoyaandika mara moja, halafu mashine inayafuata bila kununa. Yangu ilikuwa inalifungua kila faili la diski kwa kusoma tu, haiwashi kitu, haigusi kitu, inapita ndani ikiuliza. Unaitwa nani? Umewekewa mfumo lini? Mwenyeji wako nani? Na swali kubwa kuliko yote: kitambulisho chako kipi? Maana kila kompyuta, siku inapowekewa mfumo, inajipa kitambulisho kirefu cha herufi na tarakimu, na hakuna mbili zinazopata kimoja, labda moja iwe imenakiliwa kutoka kwa nyingine.

Nikaiwasha skripti, nikamimina chai kutoka kwenye chupa, nikakaa kungoja kuwasifu watoto wa watu.

Kitambulisho cha kwanza kikatokea. Cha pili kikawa kile kile. Cha tatu kile kile. Nikajitukana. Nikasema, mjinga wewe, skripti yako inasoma faili moja tu na kulirudiarudia. Nikaisimamisha, nikaipitia mstari kwa mstari, nikairekebisha mahali ambapo hapakuwa na kosa, nikaianzisha upya. Kile kile. Nikazima laptop nikaiwasha, kama tunavyowakataza wanafunzi kufanya kabla ya kufikiri. Kile kile! Chai ikapoa. Ndipo nikaacha kuilaumu skripti, nikaingia mwenyewe kwa mkono kwenye diski ya mwanafunzi mmoja, nikafungua folda ya picha.

Nikakutana na mbuzi.

Alikuwa ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma wa kwenye harusi zetu huku, amesimamishwa juu ya meza, majani mdomoni, utepe shingoni, amekaa kama mgeni wa heshima anayengoja kuitwa atoe neno. Nikafungua diski ya mwanafunzi mwingine: mbuzi. Ya kiongozi wa darasa, kijana anayefunga tai mpaka Jumamosi: mbuzi huyo huyo, majani yale yale. Nikacheka peke yangu mpaka nikaogopa. Darasa langu lote lilikuwa limekula harusi moja.

Haikuwa kazi kubwa kujua ilitoka wapi. Nyuma ya stendi ya bajaji kuna kijana mwenye duka la kuchapa na kudurufu, na pamoja na kudurufu anauza "kazi kamili". Aliitengeneza kompyuta moja ya zahanati, akasahau kufuta picha zake, akaigawa kwa darasa zima. Wanafunzi wangu walibadilisha jina kwenye ukurasa wa mbele. Siyo wote. Mmoja aliona hata hilo ni kujichosha, akaacha jina la mwenzake.

Skripti ilipofika mwisho ikatoa kitambulisho tofauti. Kimoja tu. Kilikuwa cha yule mama.

Nikaingia kwenye diski yake taratibu, kama unavyoingia nyumba ya mtu ambaye hayupo. Hakukuwa na mbuzi. Kulikuwa na watumiaji watatu, mapokezi, daktari na dawa, na daktari alinyimwa ruhusa ya kuichezea foleni. Ukiingia, inakuandikia: "Karibu. Kaa, utaitwa." Na kulikuwa na kitu ambacho sikuwafundisha: kila baada ya muda mfupi kompyuta ilijihifadhia foleni yenyewe, ili umeme ukikatika ukirudi kila mgonjwa akute nafasi yake. Anayeishi kule mlimani anajua umeme una tabia gani. Kijana wa duka la kudurufu hakulifikiria hilo, wala mimi niliyetunga mtihani sikulifikiria.

Kompyuta hizi pia hutunza kila amri uliyoichapa, na hapo nilimwona mama akihangaika. Amri moja aliikosea, akairudia, akaikosea, akairudia kwa herufi kubwa, kana kwamba mashine haisikii vizuri. Halafu, katikati ya amri, alikuwa ameiandikia mashine hivi: mungu wangu nisaidie. Akabonyeza. Najua alijibiwa nini, alijibiwa kwamba amri hiyo haijulikani. Mstari uliofuata alikuwa ameipata.

Nilitokwa na machozi, na siyo kwa sababu ya uchungu. Nilikuwa nimefurahi. Nimefundisha, na mtu mmoja amejifunza! Nikaandika ripoti fupi, nikamtumia Mtaaluma: kitambulisho hiki kimeonekana kwa wanafunzi wote, isipokuwa mmoja. Nikaongeza kwamba jambo hili ni zito na linahitaji kikao. Nilikwenda zangu Njiro nikiwa na amani, nikamsalimia hata yule mbwa.

Kikao kiliitwa. Tukakaa ofisini kwa mkuu, tukaomba, tukagawiwa soda na karanga. Tulikuwa mkuu mwenyewe, Mtaaluma, mimi, na mwakilishi wa wazazi, mama mmoja mchangamfu anayefanya kazi ya kupamba kumbi za sherehe, ambaye pia ndiye aliyepewa kazi ya kupamba mahafali yetu. Mtaaluma hakuileta ripoti yangu. Aliihamishia kwenye jedwali lake, akaitia rangi, akaiwasha ukutani. Darasa zima lilikuwa kijani, kijani, kijani, kama shamba la mpunga. Chini kabisa palikuwa na mstari mmoja mwekundu.

Mkuu akavaa miwani. "Huyu mwekundu ni nani?"

Jamani! Kikao kilikuwa hakijafika dakika tano na mwizi ameshapatikana.

"Mzee, huyo ndiye pekee aliyefanya kazi yake," nikasema. "Hao wa kijani wote wamenakili."

"Lakini wote wamepata jibu moja," akasema Mtaaluma, kwa upole wa mtu anayekusaidia. "Na yeye amepata lake peke yake."

"Siyo jibu, ni kitambulisho! Ni kama watu wote wa mtaa mmoja waje na kadi moja ya kliniki."

"Kadi ya kliniki tena imetoka wapi?" akauliza mkuu.

Nikaona nimtafutie lugha yake. "Mzee, hawa wote ni ndama wa fahali mmoja."

Hapo uso ukamfunguka. Akaegemea kiti. "Fahali wa aina gani?"

"Mzee, siyo habari ya aina..."

"Ni habari ya aina, binti yangu. Fahali akiwa mzuri, kundi lote linakuwa zuri. Sisi tumehangaika miaka na miaka kutafuta kundi linalofanana, na hatukulipata. Wewe umelipata kwa mtihani mmoja, unalia."

Nikaona maneno hayatanisaidia, nikachukua laptop yangu nikawaonesha mbuzi. Nikafungua diski moja, mbuzi. Ya pili, mbuzi. Ya tatu, mbuzi. Nikawaambia, haya, nielezeni, huyu mbuzi amefanyaje kuhudhuria zahanati zote hizi?

Mwakilishi wa wazazi akasogeza kiti chake mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. "Subirini, subirini," akasema. "Vitambaa hivyo vya meza ni vyangu!" Akaangalia tena. "Ni vyangu! Hii ni ile harusi ya ukumbi wa barabara ya Moshi, mvua ilinyesha mpaka tukahamisha keki. Yesu wangu, mnaona lakini zile pindo?" Tukaziona pindo. Mkuu akasema mbuzi amechomwa vizuri, hajaungua mgongo. Mtaaluma akauliza kama rangi ile ya dhahabu ndiyo itakayotumika kwenye mahafali. Ushahidi wangu ukawa albamu ya biashara, na mwenye biashara akaniomba nimtumie picha kwenye simu.

Nilichemka. Nikasimama, nikasema kwa sauti ambayo hata duka la mabati walinisikia, kwamba hiki ni chuo au ni kamati ya harusi, na kwamba kama vyeti vinatolewa hivi, basi tukampe na yule mbuzi cheti, amehudhuria kuliko wanafunzi.

"Binti yangu, punguza jazba," akasema mkuu. "Kaa. Kunywa soda."

Nikakaa. Ndipo akasema neno la kweli, na nampa haki yake, alilisema bila kuficha. "Turubai limeshalipiwa. Mgeni rasmi amethibitisha, na mtu yule kumpata siyo mchezo. Wazazi wameshawaalika ndugu zao. Wewe unataka nisimame mbele ya mgeni rasmi na joho langu, nimwambie nini? Kwamba wahitimu wa mwaka huu ni mama mmoja?" Akavua miwani. "Chuo hakiwezi kufelisha darasa zima, mwanangu. Mtu mmoja, kinaweza."

"Kwa hiyo mnamfelisha yeye?"

"Nani kasema tunamfelisha?" Mtaaluma akaruka kama ameumwa na siafu. "Sisi siyo watu wabaya. Apewe nafasi arekebishe." Akaandika kwenye muhtasari huku akiyatamka maneno polepole, ameyapenda mwenyewe: mwanafunzi aelekezwe kurekebisha kazi yake ili iendane na ya wenzake. Mwakilishi wa wazazi akaunga mkono, akasema ni mama mwenzake, anamwonea huruma. Tukafunga kwa sala. Aliyeombwa kufunga ni mimi, na mimi, kwa hasira, nikaomba kwa kirefu kuhusu haki na mizani ya kweli, na wote wakaitika amina kwa nguvu.

Sikungoja aje chuoni aambiwe na Mtaaluma. Jumatano nilimfuata sokoni Tengeru. Nilimkuta kakaa nyuma ya mikungu yake, kajifunga kitenge kichwani, na kwa kuwa tulikuwa nje ya geti nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba huku akinitolea kigoda. Akaniuliza kama nimekula, akanitafutia loshoro, ile ya mahindi na maziwa mgando, kwa jirani yake, na mimi nikawa nakula chakula cha mtu nikiwa nimembebea habari kama ile.

Nilimweleza yote. Kijani, nyekundu, fahali, mbuzi. Kwenye mbuzi alicheka mpaka akashika ubavu, akamwita jirani yake akamsimulia kwa Kimeru, naye akacheka. Nilipofika kwenye uamuzi, kicheko kikakatika.

"Madam, niambie kweli. Kazi yangu ilikuwa na kosa?"

"Haina kosa, mama. Ni nzuri kuliko niliyoitegemea."

"Ile ya umeme kukatika inafanya kazi?"

"Inafanya."

Akatikisa kichwa taratibu. Mteja akaja akaulizia ndizi mshare, akamhudumia, akarudi. "Sasa nirekebishe nini?"

Hapo ndipo hasira zangu zilipopata uwanja. Nikamwambia asirekebishe chochote. Nikamwambia naandika barua Dodoma, wizarani, naambatanisha ripoti na mbuzi wote. Nikamwambia tutawaumbua, mkuu na rangi za Mtaaluma na pindo zao, na kwamba mimi siogopi mtu, waniachishe kazi wakitaka. Nilizungumza vizuri sana. Mama mwenye nyanya pembeni yetu aliacha kupanga nyanya akanisikiliza.

Yeye alingoja nimalize. "Barua itajibiwa lini?"

"Sijui. Ila watajibu."

"Kabla ya mwezi kuisha?"

Nikairudia loshoro yangu.

"Wakikuachisha kazi, utakula wapi?"

"Sitakosa."

"Na mimi?" Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama anavyouliza darasani, mpaka aelewe. "Mimi wazee wa usharika nitawaambia madam ameandika barua? Wao wanataka cheti. Yule mwingine anacho. Hata mimi nakasirika, madam, nasikia vibaya hapa," akagusa kifua, "nilikaa na kitu kile mpaka mboga zikaungua. Lakini hasira yako ina mshahara. Yangu haina."

Akanifungia chane la ndizi kwenye mfuko, nikakataa, akanisukumia mikononi.

Jumatatu alikuja chuoni mapema kuliko wote. Nilikuwa peke yangu kwenye chumba cha kompyuta. Tulikuwa ndani ya geti, basi akasema habari za asubuhi, madam, akaniwekea flashi mezani.

"Umeinunua?" nikamuuliza.

"Kiongozi wa darasa kanipa bure. Amefurahi sana. Kasema karibu kundini."

Nikaichomeka. Skripti ikapita ndani kama kawaida yake, ikauliza maswali yake yale yale bila kujua aibu, ikatoa majibu. Kitambulisho kilikuwa kile cha wenzake. Jina lake lilikuwa mbele, limeandikwa vizuri. Daktari sasa aliruhusiwa kuichezea foleni, na umeme ukikatika wagonjwa wote wangepotea.

Nikabaki nimeshika kichwa. Nikamwambia mama, mimi hii siwezi kuiandikia imefaulu, dhamira yangu hainiruhusu.

"Andika, madam."

"Ningeandika ile nyingine. Ile ndiyo..."

"Andika hii." Alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, mkoba mkononi, anatazama kioo. Sauti yake haikupanda. "Dhamira yako nisamehe, nitaiombea Jumapili. Andika."

Nikaandika amefaulu. Ukurasa ule ulikwenda kwa Mtaaluma, na kabla ya chai ya saa nne ulikuwa umesharudi, kijani kuanzia juu mpaka chini, na chini yake kaandika hongera kwa kazi nzuri, mwalimu.

Mama alikuwa bado yupo. Nilidhani anangoja kuhakikisha.

"Ile ya kwanza," akasema, "bado unayo?"

"Ninayo!" Nikaona kitu cha kushikilia, nikageuka nikamtazama. "Nimeitunza vizuri. Nikutilie kwenye flashi yako? Uende nayo zahanati, uwawekee ile, hawatajua. Itawasaidia."

"Ifute."

"Mama, usifanye hivyo. Ni kazi yako."

"Ifute, madam. Siku wakija kukagua wakikuta mbili zenye jina langu, watauliza ipi ya wizi." Akaninyooshea kidole kwenye kioo. "Na wewe unajua watachagua ipi."

Nikaitafuta, nikaichagua, nikabonyeza kufuta. Kompyuta yangu haifuti kitu bila kuuliza kwanza, nimeizoesha hivyo mwenyewe. Ikaniuliza kama nina uhakika. Mkono wangu ukagoma kabisa kwenda.

Akainama juu ya bega langu, akabonyeza ndiyo mwenyewe.